Tano Inayosoma Sita

Katika nyumba ya Basil Valentyn hakuna aliyewahi kupewa saa sahihi. Saa ya ukutani jikoni ilikuwa mbele kwa robo saa tangu Merle, binti yao wa pekee, alipokuwa darasa la kwanza na kuachwa na treni ya shule mara mbili mfululizo. Basil alipanda kiti, akausogeza mshale, akashuka bila kumwambia mtu. Mkewe Hettie aligundua kabla ya chakula cha mchana. Mtoto aligundua kabla ya wiki kwisha. Hakuna aliyeirudisha. Wote watatu walijifunza kuitazama na kutoa, na bado kila ilipokaribia saa moja asubuhi walikimbizana kutafuta viatu utadhani nyumba inaungua.

Sasa Merle alikuwa na miaka ishirini na saba, fundi wa kushona matanga, na alikuwa anakwenda Saint Helena. Peke yake. Kwa mashua ya mita nane aliyoinunua ikiwa gofu lililojaa kutu na kinyesi cha ndege, akaifufua kwa mikono yake mwenyewe nyuma ya gati la Kalk Bay. Aliiita Sewejaartjie, jina la ua la milimani lisilonyauka hata likikauka. Bibi yake mzaa mama alizaliwa kwenye kisiwa kile, akaletwa Rasi, kusini kabisa mwa Afrika, kufanya kazi za ndani angali msichana, akafa bado anasimulia keki za samaki zenye pilipili na ngazi zinazopanda mlimani bila mwisho. Merle alikua na hadithi hizo akaamua kwenda kujionea. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya zile foleni ndefu za kura ya kwanza ya watu wote, na kila mtu mjini alikuwa na jambo fulani ambalo ghafla aliona linawezekana.

Na Basil? Basil alikuwa fundi wa televisheni na redio, na kwa mtu aliyezaliwa hatua chache kutoka bandarini alikuwa na aibu moja kubwa: alitapika baharini. Alitapika hata chombo kikiwa kimefungwa gatini. Wavuvi walimwita Kapteni Ndoo, na baada ya miaka yote hiyo walikuwa hawajachoshwa na utani wao. Asingeweza kumsindikiza mwanawe hata mpaka kwenye mnara wa taa. Kwa hiyo tangu safari itangazwe, mtu huyu hakukalika. Kiti kilimchoma. Alikula wima, alisoma gazeti wima, na kanisani alibaki wima pale wenzake walipopiga magoti.

"Keti, Basil," Hettie alimwambia. "Unanizungukia jikoni mpaka kichwa kinaniuma."

"Nimekaa kutwa nzima dukani."

"Uongo mtupu. Umesimama kutwa nzima dukani, Tiko jirani kaniambia."

Woga huo ulikuwa umeshamponza mara moja. Mwaka uliopita Merle alimtuma mjini kuchukua nyaya za chuma za kushikilia mlingoti. Basil alizichukua, akazificha dukani nyuma ya friji mbovu, na kwa mwezi mzima akaapa kwamba hazijafika. Merle alizikuta siku alipoingia kutafuta balbu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Dedi," alisema, "ukinidanganya tena katika jambo la mashua hii, nitaondoka bila kukuaga. Utaamka utakuta gati tupu."

Merle hakuwa mtu wa kutishia kwa mdomo tu, na Basil alilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Maneno yale yalimkaa rohoni. Ndipo akaamua kwamba kama hawezi kumzuia, basi atamtengenezea kitu.

Mashua haikuwa na kipima mwendo. Basil alipata kigurudumu kidogo cha plastiki kutoka kwenye chombo kilichovunjwa, chenye sumaku kwenye mabawa yake, cha kukaa chini ya mashua kizungushwe na maji. Kila sumaku inapopita, kihisio hutoa mpigo mmoja wa umeme. Ukihesabu mipigo unajua mwendo. Shida ni kwamba kigurudumu hakijui maili ni nini. Ni lazima kifundishwe, na mwalimu akawa ile kompyuta ya nyumbani aliyochezea Merle utotoni, ubao wa vitufe unaochomekwa kwenye televisheni, na ambao programu zake zilikaa kwenye kanda za kaseti na kupiga mayowe kila zilipopakiwa. Basil alizichomeka nyaya za kigurudumu kwenye tundu la kushikia usukani wa michezo, akaandika programu ya kuhesabu, akajifungia bafuni.

"Nimeolewa na mwanamume anayeoga na waya," Hettie alilalamika mlangoni, taulo begani. "Ukifa humo nitawaambia polisi nini? Kwamba alikuwa anapima mwendo wa beseni?"

"Umeme wa betri huu, Hettie. Hauui mtu."

"Unaua ndoa."

Mwanzoni namba zilirukaruka kama zimepandwa na mashetani. Kigurudumu kilizunguka mara moja, kompyuta ikahesabu mara tatu. Basil aligundua kwamba umeme ulikuwa unatetemeka kila sumaku inapopita, akaunganisha kapasita ndogo ya redio kuutuliza. Namba zikatulia. Yeye hakutulia. Alitoka bafuni saa hiyohiyo, magoti ya suruali yamelowa, akaanza kutengeneza kisanduku cha kubaki mashuani, chenye tarakimu nyekundu na, ndani yake, skrubu ndogo ya kurekebishia. Kompyuta ingetafuta ukweli, naye angeuingiza kwa skrubu hiyo.

Siku ya kupima alipanda Sewejaartjie akiwa na kompyuta, televisheni ndogo, betri ya gari na ndoo. Gatini Tiko Menigo, jirani yake mwenye boti la uvuvi, alimpigia saluti.

"Kapteni Ndoo! Hiyo televisheni mnakwenda kutazama tamthilia?"

"Tunakwenda kukutazama wewe ukikosa samaki."

"Basil, na ndoo je? Moja itatosha?"

Haikutosha sana. Ufukweni palikuwa na nguzo nyeupe walizopima mafundi wa bandari, maili moja kamili baina yake. Merle alishika usukani, naye Basil alikaa chini kwenye giza la mashua, televisheni magotini, ndoo kati ya miguu.

"Sasa!" Merle alipaza sauti nguzo ya kwanza ilipofika ubavuni, na Basil akabonyeza kitufe. "Sasa!" kwenye nguzo ya pili, akabonyeza tena, kisha akainamia ndoo.

"Dedi, uko hai?"

"Geuza! Lazima turudi. Mkondo umetusukuma huku, utatuzuia kule. Ukipima upande mmoja tu unajidanganya."

"Nakujua wewe, hupendi kujidanganya," Merle alisema akicheka, na Basil hakujua aweke wapi macho yake.

Walikwenda na kurudi mpaka kompyuta ikawa na wastani usioyumba. Basil aliigeuza ile skrubu taratibu, hadi tarakimu nyekundu za kisanduku zikalingana na za televisheni. Ilikuwa kazi safi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulikuwa na rangi ya mtu.

"Nitakuahidi kitu," Merle alimwambia wakielekea bandarini. "Kikisoma maili saba kwa saa, nitapunguza tanga. Hata kama najisikia vizuri. Sawa?"

"Sawa."

Tatizo la Merle lilikuwa hilo hasa. Hakuwa mtu wa kupunguza tanga. Pale pale, dakika chache baada ya ahadi, upepo wa kusini-mashariki ulishuka mlimani kwa kishindo, ule ambao watu wa Rasi huuita Daktari, na binti huyo akaingia bandarini na tanga zima, mashua imelala ubavu, maji yanapita juu ya sitaha, yeye anacheka kama aliyeshinda bahati nasibu. Basil alishikilia televisheni kwa mikono miwili na kuona, wazi kabisa, jinsi atakavyokufa. Si yeye. Merle.

Merle alipokuwa nje akifunga kamba, Basil alichukua bisibisi akaigeuza skrubu kidogo. Kidogo tu. Mashua ikienda tano, kisanduku kisome sita. Kikisoma saba, kumbe ni sita kasoro, na Merle atapunguza tanga mapema, na mlingoti utabaki umesimama, na mtoto atabaki juu ya maji. Ni mkono uleule uliowahi kuusogeza mshale wa saa jikoni. Kisha akakifunika kisanduku na kukipiga gundi ngumu ya fundi wa mashua pande zote, maji yasiingie, akapanda gatini na kulala usingizi wa mtu mwema.

Usingizi huo ulikuwa wa usiku mmoja tu.

Kesho yake jioni Hettie alipika samaki wa snoek kwa viazi vitamu, na Tiko akaja kula, maana Tiko hunusa samaki wa kupikwa vizuri kuliko anavyowanusa wa baharini. Merle alitandaza ramani kati ya sahani.

"Niambie, binti," Tiko alisema. "Kisiwa chenyewe kidogo, punje ya mchele mezani. Utakionaje?"

"Dira, na jua. Mchana napima jua, najua niko wapi."

"Na mawingu je? Kule kwenye kisiwa ni mawingu wiki nzima, mama mkwe wa Basil alikuwa anasema."

"Jua likifichwa, Anko Tiko, nabaki na hesabu. Mwendo mara masaa. Nitajua nimekwenda maili ngapi." Alitikisa kichwa kumwelekea baba yake. "Kisanduku cha Dedi ndicho kitakachonifikisha."

"Kikikosea?"

"Kikikosea nitadhani nimefika kumbe bado. Nitageuka kukitafuta kisiwa mahali pasipo na kitu, nizunguke humo mpaka maji ya kunywa yaishe. Mbele ni Brazili." Alicheka, Tiko akacheka, na Hettie akafanya ishara ya msalaba.

Basil alikuwa amesimama karibu na jiko, sahani mkononi. Aliacha kutafuna. Alikuwa amefikiria upepo. Alikuwa amefikiria mlingoti. Njia hakuifikiria kabisa. Kichwa chake cha fundi kilianza kupiga hesabu bila ruhusa yake: kwa safari nzima, uongo ule ni karibu maili mia tatu za bahari tupu. Alikuwa ameuchukua ukweli uliopatikana kwa kompyuta, nguzo na ndoo mbili za matapishi, akaugeuza mtego wa kumnasia mwanawe.

"Basil, umeona jini?" Hettie aliuliza.

"Mwiba," alisema. "Nimemeza mwiba."

Angeweza kusema pale pale. Kwetu sisi tuliokaa vitini ni rahisi kusema hivyo. Lakini alimtazama Merle akikunja ramani na akakumbuka gati tupu. Akisema, anamkosa mwanawe kabla hajaondoka. Asiposema, huenda akamkosa baada ya hapo. Mwendawazimu gani angeketi na mambo hayo mawili?

Kesho yake, siku ya mwisho kabla ya safari, alizunguka na siri hiyo tangu asubuhi. Alimfuata Merle dukani kwa mboga akasema, "Merle, sikiliza," na Merle aligeuka, na Basil akasema asisahau chumvi. Alimfuata kwenye kibanda cha matanga akasema, "Kuna kitu," na kitu hicho kikageuka kuwa taa ya akiba. Jasho lilimtoka. Hettie alimtazama akipita dirishani kwa mara ya kumi na kumwombea dua, hajui ya nini.

Alasiri Merle alikwenda na mama yake kuwaaga wazee wa kanisa. Basil alichukua kisu, bisibisi na nyundo ndogo, akashuka bandarini haraka na bila kuitikia salamu. Mpango wake ulikuwa rahisi, na ulikuwa mpango wa mwoga: kufungua, kurudisha skrubu, kupiga gundi upya. Merle asijue kitu, na kisanduku kiseme kweli.

Alisahau kwamba yeye ni fundi mzuri. Gundi ilikuwa imekauka ikawa jiwe. Kisu kiliteleza, bisibisi ikapinda, na mashua, ingawa ilikuwa imefungwa kamba nne, ilianza kumtikisa tumbo. Alipiga nyundo. Gundi haikupata hata ufa. Alikuwa amepiga magoti, jasho limemwingia machoni, akikitukana kisanduku kwa Kiafrikana na kwa Kiingereza, aliposikia miguu juu ya sitaha.

Merle aliinama mlangoni.

"Unafanya nini, Dedi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umevaa vizuri. *Nakagua waya.* Ungepita bila shida. Basil aliitazama bisibisi iliyopinda.

"Nimekidanganya," alisema. "Kisanduku. Mashua ikienda tano kinasoma sita. Kompyuta ilinipa namba sahihi, mimi nikaigeuza, mimi mwenyewe, ulipokuwa unafunga kamba. Nilitaka upunguze tanga mapema. Sikufikiria njia. Naapa sikufikiria njia. Naogopa, Merle. Naogopa mpaka siwezi kukaa kwenye kiti." Na akaanza kulia, mtu mzima wa miaka sitini na mbili, magotini, na nyundo mkononi.

Merle alishuka ngazi, akaketi kwenye kitanda chembamba mkabala naye.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Jana asubuhi nilitoka kujaribu matanga. Nikala tikiti. Nikatupa ganda omoni, mbele kabisa, nikahesabu mpaka likapita tezi kule nyuma, kama wazee wa zamani. Kisanduku kinasema sita, ganda linasema tano. Nikadhani ganda lina wazimu. Nikaenda kwenye zile nguzo zako na saa ya mkono, kwenda na kurudi, kama ulivyonifundisha. Tano."

Basil aliiweka nyundo sakafuni.

"Jana kwa hiyo, pale mezani..."

"Pale mezani nilikuwa nakuongelesha wewe, si Anko Tiko. Nilikasirika, Dedi. Nilikasirika mpaka nikaipakia mashua usiku ule, niondoke alfajiri ya leo bila kukuaga, kama nilivyosema. Kisha nikasema, ngoja. Nimpe siku moja." Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Umenitembezea chumvi na taa siku nzima, mzee. Nilikaribia kukata tamaa. Na hapo mlangoni, nilipokuuliza unafanya nini, ungeniambia unakagua waya, usingeniona tena mpaka nirudi."

"Nilikuwa nataka kusema waya."

"Nimeona. Uso wako ulikuwa na waya tupu."

Wakacheka wote wawili, kicheko kibaya chenye kamasi. Basil akaishika tena nyundo.

"Nipe saa moja. Nitaivunja hii gundi hata kwa meno. Nitakirudisha sawasawa."

"Acha."

"Merle..."

"Acha kama kilivyo. Dedi, nimekulia chini ya saa yako. Unadhani sijui kutoa?" Aliichukua nyundo mkononi mwake, taratibu. "Nikiandika kwenye ramani nitatoa. Nikitazama tanga sitatoa. Kikisoma saba nitajua ni wewe unanipigia kelele pale jikoni, nami nitatafuta viatu."

Basil alimshika mkono, na wakabaki hivyo mpaka tumbo lake lilipomkumbusha alipo, akakimbilia juu.

Asubuhi ya safari bandari ilijaa. Hettie alikuja na bakuli la koesister, maandazi yaliyochovywa kwenye shira na kunyunyiziwa nazi, ya kumtosha Merle na nusu ya wakazi wa kisiwa. Wazee wa kanisa waliomba sala ndefu hata Tiko akaanza kukohoa. Merle aliaga kila mtu. Mama yake alimshika mashavu asiweze kuachia. Baba yake alimuaga wa mwisho.

"Haya, Kapteni," Basil alisema.

"Haya, Ndoo," Merle alimjibu, akamkumbatia mpaka mifupa ikalia.

Daktari alikuwa amekwenda mapumziko siku hiyo. Upepo ulikuwa mdogo wa kubembeleza nguo kambani, na Sewejaartjie ilitoka na tanga zima taratibu, ikapita ukuta wa bandari ambapo watu wote walikuwa wamejipanga kupunga mikono. Basil alisimama mwisho kabisa wa ukuta, miguu ikimcheza, akitaka kukimbia na hana pa kukimbilia.

Mashua ilipofika mbele yake hasa, Merle aliuachia usukani. Alikwenda kwenye mlingoti, akashusha tanga kipande, akalikunja na kulifunga vizuri, fundo baada ya fundo, kama mtu aliyeona dhoruba. Kisha alirudi tezini, akaketi, akatazama mbele.

"Anafanya nini yule?" Tiko alishangaa. "Anapunguza tanga? Upepo huu hauzimi hata kiberiti! Basil, mwanao kapatwa na nini?"

Basil aliitazama ile pembe ya tanga lililokunjwa bila sababu yoyote ya upepo mpaka macho yakajaa maji. Kisha akajishusha polepole, akaketi juu ya ukuta wa mawe, miguu ikining'inia juu ya bahari.

Hettie alikuja na bakuli tupu la koesister, akamtazama, akamtazama tena.

"Basil," alisema. "Umekaa."

"Nimekaa," alisema, akamsogezea nafasi.